Bei njoo inboksi

Saa nne usiku mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni kwake Tabata, mgongo kauegemeza kwenye kochi, simu mbili mapajani, kaunta buku limefunguliwa pembeni. Watoto walishalala. Jioni ile alikuwa ameweka picha moja tu Instagram: seti ya mashuka ya kijani yenye maua meupe, imetandikwa kwenye kitanda chake mwenyewe, foronya nne zimesimamishwa juu ya mito. Chini yake aliandika: "Mzigo mpya umeingia. Pamba tupu. Bei njoo inboksi."

Nilimwomba simu nisome waliokuja. Walikuwa kumi na tisa. Kumi na wanne kati yao waliandika neno moja: "Bei?" Aliwajibu wote kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, kwa upole uleule: karibu mpendwa, sita kwa sita ni 38,000, tano kwa sita ni 35,000. Walioendelea na mazungumzo baada ya kutajiwa bei ni watatu. Aliyelipa ni mmoja.

"Wateja wa mtandaoni wasumbufu, dada," aliniambia huku akijinyoosha kiuno. "Wanauliza tu."

Maneno hayo nimeyasikia kwa wauza viatu, wauza mawigi, waoka keki, mafundi wa makabati, hata kwa madalali wa viwanja. Kila mmoja ana ukurasa, kila mmoja analalamika kwamba watu wanaangalia na kupita, na karibu kila mmoja ameandika chini ya bidhaa yake maneno yaleyale matatu. Jumamosi iliyofuata nilifuatana na mdogo wangu Kariakoo alipokwenda kuchukua mzigo, na huko, kuanzia Mtaa wa Kongo hadi Aggrey, nikawa nawauliza wenzake: kwa nini huandiki bei? Walinijibu bila kuficha, na majibu yao yana uzito.

La kwanza ni winga. Asiyeijua Kariakoo ajue kwamba winga ni mtu asiye na duka wala mzigo. Anasimama mtaani, anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka kwenye duka analolijua, na juu ya bei ya mwenye duka anaweka cha juu chake. Simu imempa winga mtaa usio na mwisho. Asubuhi anapita madukani anapiga picha, anaziweka kwenye ukurasa wake, na akipata oda ndipo anakwenda kuuchukua mzigo. Ni kazi halali na imelisha familia nyingi. Lakini kwa winga, bei ni siri ya kazi. Akiandika 38,000, mwenzake ataichukua picha hiyohiyo na kuandika 36,000, na mwenye duka naye atataka kujua kwa nini mzigo wake unatembea mjini na bei asiyoijua.

Wengine waliniambia bei haitulii. Dola ikipanda, kontena lijalo linakuja na bei nyingine, na picha ya mwezi wa tatu bado ipo ukurasani mwezi wa saba. Wengine wanauza jumla na rejareja kwa pamoja. Hawataki mnunuzi wa shuka moja aone bei ya mnunuzi wa robota. Na wapo wanaoamini kwamba watu wakija kuuliza kwa wingi, mtandao wenyewe unaisukuma picha mbele ya macho mengi zaidi. Imani hiyo ina chembe ya ukweli. Mwaka 2016 Instagram ilianza kuachana na mpangilio wa kuonyesha picha kwa kufuata saa zilipowekwa. Inachagua cha kumwonyesha kila mtu kwa kukisia kitakachomshika, na maoni ya watu, kuhifadhi picha na kutumiana ni miongoni mwa dalili inazozitazama. Lakini picha ikisukumwa mbele ya watu elfu tano ambao hawatanunua, aliyechoka ni muuzaji.

Sababu hizo zote nazielewa, na bado naamini zinamwumiza mwenye biashara ndogo kuliko zinavyomsaidia. Sababu yangu niliipata kwa mama mmoja tunayesali naye. Nilimwonyesha picha ya yale mashuka ya kijani, akayapenda, akakaa nayo muda mrefu. Nikamwuliza kwa nini asiulize bei. Akasema kwa sauti ya chini: "Nikiuliza halafu nikakuta ni elfu themanini, nitamjibu nini?"

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Sokoni, mtu akitajiwa bei inayomzidi, ana njia nyingi za kuondoka na heshima yake. Anashika kitambaa, anauliza kama kuna rangi nyingine, anacheka, anasema ngoja nizunguke nitarudi. Muuzaji anajua hatarudi, na hakuna aliyeaibika. Kwenye simu hakuna kuzunguka. Kuna jina lako, picha yako, na alama inayoonyesha kwamba umesoma bei ukanyamaza. Mwenye elfu thelathini na tano mkononi, aliyeziweka kwa wiki tatu, ndiye anayeogopa zaidi kuuliza, na ndiye mteja hasa wa biashara ndogo. Anayeweza kulipa bei yoyote hasumbuliwi na "njoo inboksi". Ila huyo ana maduka mengi ya kuchagua.

Tukaandika bei.

Siku tatu za mwanzo zilimtisha mdogo wangu. Ujumbe ulipungua kwa zaidi ya nusu, na yeye alizoea kupima siku yake kwa wingi wa milio ya simu. Alinipigia akitaka kufuta. Nikamwomba afungue kaunta buku ahesabu kitu kimoja tu, seti zilizotoka. Zilikuwa hazijapungua. Waliokuwa wakija sasa walikuja wameshaijua bei, na swali lao lilikuwa la mtu anayetaka kununua: mnatuma Morogoro? Ipo ya tano kwa sita? Naweza kulipia kidogo kidogo?

Maswali hayo ndiyo yaliyonifundisha kazi hii kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria. Tulianza kuyaandika nyuma ya daftari, kila swali na idadi ya waliouliza. Mwisho wa wiki ya pili ukurasa ule ulikuwa unaonyesha wazi kila kitu ambacho mdogo wangu alikuwa amesahau kuwaambia watu. Wengi hawakujua kama "sita kwa sita" ni kipimo cha kitanda au cha shuka. Walitaka kujua seti ina shuka ngapi. Walitaka kujua yupo wapi. Na swali lililozidi yote lilikuwa hili: inachuja?

Kuchuja ndiyo hofu ya kila mama aliyewahi kuloweka shuka jipya jekundu pamoja na sare za shule za watoto. Huwezi kulijibu swali hilo kwa kuandika "haichuji", kwa sababu kila muuzaji anaandika hivyo. Kwa hiyo Jumapili moja asubuhi mdogo wangu alitoa beseni jeupe uani, akamimina maji, akatia sabuni ya unga, na binti yake mkubwa akashika simu. Akaloweka shuka la kijani, akalisugua, akalikamua, kisha akainamisha beseni kidogo ili maji yaonekane. Maji yalikuwa na povu tu. Akachukua la pili, la rangi ya damu ya mzee, akafanya vilevile. Safari hii maji yakawa na wekundu hafifu. Binti akashusha simu akidhani wataanza upya.

"Endelea," mama yake akamwambia. Akalionyesha beseni lile, akasema kwa sauti yake ya kawaida: hili linatoa rangi mfuo wa kwanza, lifue peke yake mara mbili, usilichanganye na nyeupe, baada ya hapo linatulia.

Video ile haikuwa na muziki wala maandishi ya kumetameta. Jogoo wa jirani anasikika. Lakini ndiyo iliyotumwa mkono kwa mkono kwenye makundi ya WhatsApp kuliko kitu chochote alichowahi kuweka, na mashuka ya damu ya mzee yaliisha kabla ya yale ya kijani. Watu walikuwa wamemwona muuzaji akisema ubaya wa mzigo wake mwenyewe.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mimi pia nimewahi kuwa upande wa pili. Mwaka juzi niliagiza dera kwenye ukurasa mmoja. Picha ilikuwa ya kitambaa kizito chenye nakshi shingoni. Kilichofika ni kitambaa chepesi mithili ya chandarua, nakshi zimepigwa chapa. Nilipoandika, nikajibiwa kwamba picha ni ya mfano tu, na baadaye nikakuta nimezuiwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora na aina ya bidhaa, na duka lililo ndani ya simu halina msamaha wake. Ila ni nani atakayefungua shauri kwa ajili ya dera moja? Tunachofanya ni kuhama, na kuwahadharisha ndugu. Kwa hiyo picha ya kuokota mtandaoni, hata ikiwa nzuri namna gani, ni deni. Picha ya mdogo wangu inapigwa saa mbili asubuhi karibu na dirisha la chumbani, taa imezimwa kwa sababu balbu hugeuza nyeupe kuwa njano, na moja kati ya picha tatu inaonyesha lebo na mshono kwa karibu. Hakuna kamera. Kuna kitambaa safi cha kufutia kioo cha simu kabla ya kupiga, jambo ambalo wengi hulisahau.

Instagram ndiyo inayowaleta watu, lakini kwa biashara nyingi ndogo nilizozitembelea, mauzo yenyewe hufanyika WhatsApp. Huko ndiko Mtanzania anakojisikia yuko nyumbani kwake. Na hapo pana jambo la kiufundi ambalo wauzaji wengi hawalijui vizuri: stetasi yako haionwi na kila aliyewahi kukuandikia. Ili mtu aione, sharti wewe uwe umehifadhi namba yake na yeye awe amehifadhi yako. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi nayo ina sharti kama hilo, asiyekuhifadhi haumfikii. Ndiyo maana mtu ana wateja mia sita waliowahi kununua, anaweka stetasi, inaonwa na arobaini, halafu anadhani amerogwa. Dawa yake ni ya mdomo. Mzigo unapokabidhiwa, mdogo wangu humwambia mteja: nihifadhi kwa jina la Mama Mashuka, mzigo mpya nauweka stetasi kabla ya kwingine. Naye anahifadhi palepale, mteja akimwona.

Kwa miaka mingi alitumia WhatsApp ya kawaida, mashuka yakichanganyika na vikao vya harusi na picha za shangazi. Toleo la biashara lilitoka Januari 2018 na ni la bure. Lina katalogi, ambapo kila seti inakaa na picha, bei na maelezo yake, ukamtumia mteja kiungo badala ya picha ishirini. Lina majibu ya haraka: unaandika mara moja maelezo ya namna ya kulipa na kusafirisha, unayapa neno fupi, kisha unayaita kwa kugusa tu. Lina lebo za rangi za kuwatenga walioagiza, waliolipa, na wanaosubiri. Tuliyaweka yote hayo kwa jioni moja, chai ikipoa mezani.

Lakini kilichobadilisha maisha ndani ya nyumba ile ni kitu kidogo zaidi, yale maneno yanayojituma yenyewe wakati muuzaji hayupo. Mdogo wangu alikuwa analala na simu chini ya mto. Saa sita usiku ikilia, anajibu. Shemeji alishaacha kulalamika, na mtoto wa mwisho alikuwa amezoea kuzungumza na mama ambaye macho yake yako kwenye kioo. Hili haliandikwi kwenye mafunzo ya biashara, na mimi nadhani ndilo la kuandikwa mwanzo. Duka la mtaani hufungwa. Mtu anavuta shata na kwenda zake. Duka la kwenye simu halina shata mpaka mwenyewe aliweke. Sasa kuanzia saa tatu na nusu usiku mteja hupokea maneno haya: "Asante kwa kuniandikia. Nimefunga kwa leo, nitakujibu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Bei na vipimo vyote vipo kwenye katalogi hapo juu." Hajapoteza mteja anayemjua kwa ajili ya hilo. Wapo wanaochagua usiku kwa nafasi, na alfajiri anakuta wameandika namba ya seti wanayoitaka.

Kuna suala la uaminifu wa fedha, na hapa pande zote mbili zimeumizwa. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 tumezoea kutuma hela kwa mtu tusiyemwona, na matapeli wamezoea kuzipokea. Mnunuzi anaogopa kulipa kabla ya kuona. Muuzaji naye anaogopa kumlipa bodaboda, mzigo ufike Mbezi Beach, na mteja awe amezima simu. Wapo pia wanaotuma meseji ya kughushi inayofanana kabisa na ya muamala, kwa hiyo sheria ya kwanza ya mdogo wangu ni kutazama salio lake mwenyewe, kamwe si picha ya meseji aliyotumiwa. Yeye hutumia lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Mteja akiingiza namba ile huliona jina kabla ya kuweka namba ya siri, na jina hilo ndilo lililopo juu ya ukurasa. Ni kitu kidogo, lakini wateja wawili wameniambia ndicho kilichowatoa hofu. Kwa wa Dar es Salaam, analipwa mzigo ukifika, nauli ya boda pekee ndiyo inayotangulia. Kwa wa mikoani, fedha hutangulia, naye huwatumia picha ya mzigo ukiwa umefungwa, picha ya risiti ya basi, na namba ya kondakta.

Na wapo wa kulipia kidogo kidogo. Anayeuza kwa mama wa kawaida asiwadharau hao. Mtu anaanza na elfu kumi, anaongeza tano, anaongeza kumi. Seti yake inawekwa kando na jina lake juu ya nailoni. Tarehe za mwisho wa mwezi huwa nzuri, kabla ya Idi huwa nzuri sana, na msimu wa harusi mashuka hutoka kama zawadi. Januari, yenye ada na sare, ni mwezi wa hao wa kidogo kidogo, na bila wao duka lingekauka.

Kuhusu kulipia matangazo, nitasema kwa hesabu. Seti anayoiuza 38,000 anainunua 27,000. Inabaki 11,000. Toa bando, nailoni, nauli ya kwenda Kariakoo iliyogawanywa kwa mzigo mzima, zinabaki kama 8,000. Akitoa 30,000 kusukuma picha kwa siku tatu, zikaleta wanunuzi watano, kila mmoja amemgharimu 6,000, na mkononi kimebaki kitu cha 2,000 kwa seti. Mtu akitazama siku hizo tatu pekee atasema amejisumbua bure. Lakini wawili kati ya watano wakirudi mwezi unaofuata kwa sababu waliihifadhi namba, mauzo hayo ya pili hayana gharama ya tangazo. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kutoa hela ni kama wateja wako hurudi. Kama hawarudi, tangazo ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Na ukiamua kusukuma, sukuma ile picha ambayo tayari imeulizwa sana bila kulipiwa. Kulipia picha iliyododa hakuifufui.

Mdogo wangu yalimkuta pia ya wafuasi wa kununua. Kabla sijaingia kwenye habari zake, kijana mmoja aliyejitambulisha kama mtaalamu wa mitandao alichukua laki moja na nusu "kuukuza ukurasa". Kwa wiki mbili wafuasi walipaa kutoka mia nane hadi elfu sita. Majina yalikuwa ya nchi ambazo hatujui hata lugha zake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza shuka, na kibaya zaidi, kila picha mpya ilipowekwa ilitazamwa na hao wasiojali, mtandao ukaona haipendwi, ukaacha kuwaonyesha hata wale mia nane wa kweli. Ilituchukua miezi kuwaondoa kidogo kidogo. Laki moja na nusu ilikuwa mtaji wa seti tano.

Lipo jambo jingine ambalo mwenye biashara ndogo hulikumbuka siku ya msiba. Instagram ilinunuliwa na Facebook mwaka 2012, na WhatsApp mwaka 2014. Zote tatu ziko chini ya paa moja. Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021 paa hilo lilizima dunia nzima kwa takriban saa sita, kwetu ikawa jioni hadi usiku wa manane. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu ilikuwa ya namna nyingine: nyaya za intaneti zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, Seacom na EASSy, zilikatika, na kwa siku kadhaa mtandao Afrika Mashariki ulikuwa wa kusuasua. Mwenye wateja ndani ya Instagram tu, siku hizo hakuwa na mteja hata mmoja. Mdogo wangu alikuwa na kaunta buku. Alikaa akawapigia simu za kawaida waliokuwa wanasubiri mzigo, akawaambia uko njiani.

Kaunta buku lile nalo lina wajibu wake. Majina, namba na mitaa ya watu ni mali ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu yeyote anayekusanya taarifa hizo, na haijali kama anaziweka kwenye kompyuta ya benki au kwenye daftari la Tabata. Mtu mmoja alishamwomba auze orodha ya namba kwa ajili ya biashara ya mikopo ya simu. Alikataa. Pia hana tena ile tabia ya kuweka ukurasani picha za mazungumzo na wateja ili kuonyesha kwamba watu wameridhika, mpaka amewaomba ruhusa na kufuta majina. Mwanzoni aliona namsumbua. Nilimkumbusha siku aliyokasirika alipokuta picha yake mwenyewe, akiwa amevaa wigi, kwenye ukurasa wa mtu aliyemuuzia.

Safari ya mwisho niliyofuatana naye ilikuwa ya kwenda Stendi ya Magufuli, Mbezi Louis, na kifurushi kimoja cha Songea. Mama mmoja wa huko alikuwa amelipia kwa awamu nne, kuanzia Agosti. Mdogo wangu alifunga seti kwenye nailoni mbili, akazungusha gundi ya karatasi, akaandika jina na namba ya simu kwa kalamu nzito, pande mbili, kwa sababu upande mmoja hufutika ukisuguana na mizigo mingine. Akapiga picha risiti, akaituma. Kesho yake jioni ilikuja picha: kitanda cha mbao, shuka limenyooshwa vizuri, na dirisha lenye pazia la kitenge nyuma yake. Chini yake maandishi: "Nimepokea mwanangu. Mazuri. Ila maua siyapendi sana, nilichukua kwa kuwa ya rangi moja hayakuwepo."

Mdogo wangu alisoma, akafungua namba ile kwenye simu, akabadilisha jina. Niliona alichoandika: Mama Songea, tano kwa sita, hapendi maua.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tena Kariakoo, kwenye duka la jumla, robota limekatwa kamba na mashuka yamemwagwa sakafuni. Wenzake walikuwa wanapiga picha harakaharaka kwa ajili ya kurasa zao. Yeye alichambua chini kabisa, akavuta seti ya bluu iliyokoza isiyo na ua hata moja, akaitandaza juu ya meza karibu na mlango penye mwanga. Akapiga picha moja. Akaandika: "Mama, shikamoo. Hii haina maua. Tano kwa sita, 35,000." Akaituma kwa mtu mmoja tu.

Tulikuwa bado hatujalipia mzigo simu ilipolia.

"Marahaba mwanangu. Niwekee hiyo. Natanguliza elfu kumi jioni."